Jibini ya Kuliwa Siku Yangu

Jumapili, 5 Januari 2025

Daftari jipya. La zamani limejaa — nusu kweli, nusu chumvi, kama pilau ya harusini. Masouda kauliza, unamwandikia nani, mzee? Nkamwambia, najiandikia mwenyewe, maana mie ndie pekee mjini Maskati ambae hajachoka kunisikiliza. Akacheka. Mke wangu huyu ndie alonifunza kuandika. Mie nshakuwa baba wa mtoto, nna masharubu, nimekalishwa mezani kama mtoto wa chuoni. Kwa hiyo makosa yote yalomo humu ni ya mwalimu.

Leo kwa dokta. Mishipa ya moyo imeziba. Watatia springi ndani, mwisho wa mwezi. Dokta mwenyewe kijana, ndevu bado hazijamkaa. "Usijali, hababi," yaani babu. Nkamwambia, mwanangu, mie nshabeba jibini mgongoni, zile za duara kama gurudumu la gari, nkashuka mlima na theluji mpaka kiunoni, moyo huu ukaniambia ongeza mwendo! Hakusikia. Anaangalia kompyuta.

Kutoka hospitali mpaka nyumbani Darsait Masouda hakusema neno. Hatta dereva wa teksi alipokosea njia — kimya. Masouda! Akakosa kumrekebisha mtu!

Jumanne, 7 Januari

Firmin kafa. Inna lillahi.

Kafa tangu mwezi wa kumi na moja, khabari imenifika leo, kwa wasapu, kwenye simu ya Khawla binti yetu — binti wa Firmin kamtafuta mtandaoni mpaka kampata. Kaja baada ya kazi, mbio kutoka Amerat. Kaniletea mkate wa ufuta na khabari ya kifo, vyote mkono mmoja.

Firmin alikuwa tajiri wangu, na rafiki yangu, na mtu pekee duniani alonishinda kwa uongo. Kule Uswisi, milimani, Valais. Tulipotoka Pemba baada ya mapinduzi mie kijana tu. Nkapakia meli, jikoni, namenya vitunguu mpaka Marseille. Vipi mmenya vitunguu akafika kwenye milima ya barafu — hiyo hadithi ndefu, Murshid jirani yangu keshaisikia mara mia na kila mara inaota mkia. Basi nkafika. Nkakaa na Firmin, kila joto likija tunapanda na ng'ombe juu, mpaka majani yanapokwisha. Baridi ikija tunashuka.

Namuona sasa hivi. Sufuria ya shaba, kubwa! Ungewapikia biriani Darsait nzima. Moto wa kuni. Maziwa yanapata joto, Firmin anatia mkono. Hana kipimo, hana saa, mkono ndo kipimo. Yakiganda anayapasua na kitu kama ufagio. Halafu anachukua kitambaa, ncha moja kaiuma kwa meno, anainama mpaka puani, anapitisha chini — hop! — donge zima juu, linavuja. Ndani ya duara ya mbao, jiwe juu yake. Kesho gurudumu. Na yale maji ya maziwa yalobaki hayamwagwi, hasha. Yanachemshwa tena, inapanda nyeupe laini kama tui zito. Wakiita serak. Hiyo ndo yetu sie wachungaji. Jibini inakwenda kuuzwa, serak inabaki kwa mwenye njaa. Nkiila na asali na viazi. Mpaka leo sijaona mfano wake.

Na ng'ombe wao! Weusi, wafupi, shingo kama nguzo ya msikiti. Wanapigana wenyewe kwa wenyewe — majike! Anaeshinda ndie malkia, anatangulia mbele ya kundi. Firmin akidhani atanishangaza. Nkamwambia, sahibu, mie mtu wa Pemba, kwetu tunacheza ng'ombe kwa zumari, na ni mafahali. Hakusadiki. Nkavua shati, nkamchezea malkia wao mbele ya kijiji kizima. Firmin akisimulia, alikuwa anasema ng'ombe kanirusha ndani ya rundo la mavi. Mie nasema kanipigia magoti.

Sasa Firmin hayupo. Hakuna shahidi. Kapiga magoti yule ng'ombe.

Mbona haina raha, kushinda hivi.

Jumapili, 12 Januari

Josiane kaja! Binti wa Firmin. Kaja na ile meli kubwa ya watalii ilotia nanga Mutrah. Mtoto mdogo nlikuwa nambeba mabegani — sasa bibi mzima, nywele nyeupe, viatu vya kupandia mlima. Khawla kamchukua bandarini kamleta nyumbani.

Nkamsalimia kwa lugha ya babake, ile ya juu mlimani. Akaziba mdomo. Kamwambia Khawla kwa Kiingereza, siku hizi kijijini hakuna tena anaeongea hivi, wazee wote washakwenda. Anasema nasema sawasawa na babu yake. Masouda kando: "Alhamdulillahi, kumbe yapo maneno yake ya kweli." Mke huyu!

Basi akala halwa, akanywa kahawa vikombe vitatu, hajui kukitikisa kikombe ukitosheka, Masouda anaendelea kumimina tu, mpaka Khawla akamuonea huruma. Halafu akafungua mkoba. Kitambaa cha jikoni, ndani yake gurudumu.

Jibini. Dogo, jeusi-jeusi kama kifuu cha nazi, gumu. Ukiligonga linaitika kama mlango. Nkaligeuza. Upande wa pili pamechorwa kofia! Kofia yangu. Wakati ule sijui kuandika hatta alifu, na kila mtu pale ana alama yake ya kuchora kwenye jibini. Firmin kanichorea kofia, kwa vile nlikuwa nakamua ng'ombe na kofia kichwani.

Josiane lugha ile anaisikia tu, kuisema hawezi; anaeleza kwa Kiingereza, Khawla anatafsiri. Katikati Khawla kasita. "Baba… anasema…"

"Sema, mama."

Kwao bondeni, mtu anawekewa jibini yake. Inatengenezwa, inatiwa chini ya nyumba kwenye baridi, inakaa miaka. Mwenyewe haili. Siku akifa, watu wakirudi makaburini, ndo inakatwa, wanakula kwa mkate, wanamsimulia. Yake Firmin imeliwa mwezi wa kumi na moja. Na ubavuni mwake, ubao mmoja, ilikuwepo hii. Kaifanya joto lile la mwisho, kabla sijarudi huku kwetu Omani. Miaka yote hiyo mzee akiteremka chini kupangusa yake, anapangusa na yangu. Akiwaambia wanawe: "Hii ya Arubu. Msiiguse."

Arubu. Harub hakuweza kulitamka mpaka kufa.

Josiane kanifunza upya kuitunza, kana kwamba nimesahau. Mahali pa baridi lakini si frijini. Igeuzwe kila siku, maana huku joto itatoka jasho, ikilala upande mmoja inaoza chini. Kitambaa, maji ya chumvi kidogo. Akanibusu mashavuni mara tatu, mbele ya Masouda! Akaenda zake kwenye meli.

Mlango ukafungwa. Masouda akasimama.

"Baba Khawla. Kitu hicho hakilali nyumbani kwangu."

Jumatatu, 13 Januari

Tangu jana maneno mawili tu: "Chai hiyo." Mchana kalipuka.

"Wiki ile umeambiwa moyo umeziba. Wiki hii unaletewa chakula cha matanga yako. Na wewe unakipangusa! Unakichekea!"

"Mama Khawla, kafungue kabati lako. Chini ya mashuka. Kuna nini?"

Kajitia kufuta meza.

Mie najua kuna nini. Sanda. Yake na yangu, tumezinunua Makka, tumezirowesha kwa zamzam, tumezikunja sote wawili. Huyu kashika ncha huku, mie ncha kule, tunacheka kama tunakunja shuka la harusi.

"Unalala na sanda chumba kimoja huogopi. Jibini ndo inakutisha?"

"Sanda hainuki!"

Hapo kanishinda. Kweli inanuka. Inanuka zizi, na soksi za Firmin, rahma za Mungu zimfike.

Tumepatana hivi: inakaa stoo, dirisha la shamali lisilopigwa na jua, karibu na magunia ya mchele. Mpaka nkatiwe springi. "Ukirudi salama," anasema, "siku hiyo hiyo inatoka. Kampe nani sijui, kaitupe baharini."

"Na nisiporudi?"

"Nyamaza."

Nkanyamaza. Mara moja moja nanyamaza.

Jumatano, 15 Januari

Murshid kaja kuiona. Jirani yangu huyu wa chini, duka la mabomba, wazee wake wa Tabora, Kiswahili chake cha bara mpaka leo. Kaigonga na funguo.

"Mzee Harub, hili tofali."

"Hii jibini ya miaka zaidi ya hamsini, wewe! Mfalme hajapata kula!"

"Na siku yako tutaikata na nini? Sisi wa rika lako nani ana meno? Utuachie na msumeno."

Nkamwambia, mtakwangua mtie kwenye mkate, kama wao. Kwao wanaisogeza jibini kwenye moto, uso unayeyuka, wanakwangua juu ya kiazi. Unakula na achari. Murshid akameza mate. Akauliza: lakini si wanatia mvinyo? Nkamwambia hiyo nyengine, ya chunguni. Chungu kimoja katikati, jibini inachemka, kila mtu ana uma wake mrefu na kipande cha mkate. Hiyo ndo ina mvinyo. Mie nkagoma! Usiku ule Firmin kanipikia chungu changu peke yangu, kwa ndimu. Ikashikana vizuri kuliko yao. Kijiji kizima wakahamia chungu changu.

"Kijiji kizima?"

"Na padri."

"Acha kamba, mzee."

Ukiangusha mkate wako chunguni unapewa adhabu. Mie hawajapata kunishika. Ila siku moja. Adhabu yangu ikawa kuwaimbia. Nkawaimbia kasida nzima — walijuta.

Murshid alipoondoka kasema kwa upole, hitma ya jibini sijaona, lakini sadaka ni sadaka. Masouda kamsikia kutoka jikoni. Kagonga sufuria.

Ijumaa, 17 Januari

Sala. Samaki wa kupaka. Usingizi.

Masouda akiingia stoo kuchukua mchele anaziba pua na leso, anatoka mbio kama anaefukuzwa. Leo kaweka chetezo mlangoni. Ubani! Ule mzuri wa Dhofar, ambao mie nkitaka kufukizia kanzu naambiwa ni wa wageni.

Nkamwambia, jibini imepata heshima kuliko mie.

"Ingekuwa inanuka kama wewe nisingeifukiza."

Sijui kanisifu au kanitukana. Naandika tu.

Jumatano, 22 Januari

Nimeigeuza leo nkakaa chini. Kwa kitu ambacho hatta mtoto angekibeba! Nimekaa juu ya gunia la mchele, nasikiliza moyo. Unakwenda, unasita, kama mtu aloitwa nyuma.

Nimempigia Firmin hesabu. Kila siku nikiwa hapa naendesha gari la maziwa, naoa, nazaa, najenga, nazeeka — yeye anateremka ngazi, anaipangusa kofia yangu. Hajapata kuniandikia. Mie pia sijapata kumwandikia. Alikuwa na kazi hiyo, kumbe.

Masouda alipita mlangoni. Kaniona. Kenda kaleta maji, kayaweka juu ya gunia, karudi. Hakuziba pua.

Jumapili, 26 Januari

Kesho naingia hospitali. Begi tayari. Masouda katia kanzu mbili, tasbihi, mafuta ya mgando, na andazi — mtu wa moyo anatiliwa andazi!

Nimemshika Khawla, nkamwambia mwanangu, siku hizo ntakazokuwa sipo, jibini igeuzwe. Kanambia baba, mie ofisini mpaka mchana, halafu hospitali kwako, halafu Amerat kwa watoto, Darsait ntapita saa ngapi? Ana haki. Nkamtazama mamake. Anachambua mchele. Hakuinua uso. Mchele wenyewe wa paketi, safi, hauna hatta jiwe moja.

Basi. Itaoza chini. Nimeiaga. Nimeipangusa vizuri, nkaiambia, sahibu, kama nkitangulia mie, una kazi. Ukitangulia wewe, samahani.

Jumanne, 28 Januari

Hospitali. Springi imeingia! Kwa mkononi, hapa, katundu kadogo kama nimeumwa na mbu. Nlikuwa macho. Nawasimulia khabari za malkia wa ng'ombe, muuguzi mmoja wa Kihindi kacheka mpaka dokta kamkataza. Wanasema hawajaona mgonjwa kama mie. Hilo nalijua.

Masouda kakaa na mie mchana kutwa, akarudi nyumbani na Khawla. Sikumuuliza. Angenambia nimeweka roho yangu kwenye jibini.

Alkhamis, 30 Januari

Nimerudi. Nimepanda ngazi pole pole, Murshid nyuma yangu anasukuma kama anapakia friji. "Mzee, springi mpya, ruka basi!"

Sikukaa. Nkenda stoo moja kwa moja.

Jibini inang'ara. Wallahi! Kama mbao za mlango wa zamani ulopakwa mafuta. Imegeuzwa. Imepanguswa. Chini yake imetandikwa leso — ile ya Masouda ya zambarau, alokuwa hataki hatta Khawla aiguse. Na harufu: ubani! Zizi limekwenda chini, ubani uko juu. Kaifukiza asubuhi na jioni, inaonesha, mpaka ganda limeunywa.

Nkacheka. Nkapiga kelele kutoka stoo: "Mama Khawla! Ushanifukiza kabla sijafa!"

Mzaha tu. Mie mtu wa mizaha.

Nkatoka, nkamkuta kasimama ukumbini kashika ukuta. Macho yamejaa. Mie kwa ulimi wangu huu. Maiti ndie anaefukizwa, na yeye alikuwa peke yake nyumbani, na mie niko kule kwenye mashine.

"Nlikuwa nafukiza stoo," kasema. "Mchele ulikuwa unanuka."

"Ndio," nkamwambia. "Mchele."

Jumamosi, 1 Februari

Nimerudi salama. Ahadi ilikuwa siku hiyo hiyo inatoka. Juzi haikutoka. Jana haikutoka. Mie siulizi. Mtu mwenye akili haulizi kama mvua itakatika.

Baada ya alasiri Masouda kaleta kahawa, na kibakuli cha halwa. Nkafunua. Hamna halwa. Kipande cha jibini, ukubwa wa kidole gumba.

"Iliniangukia," kasema. "Siku ya mashine yako. Ukingo umemeguka kidogo."

Nkakiangalia. Ndani rangi ya asali iloganda.

"Kitafute mahali ukibandike," kasema.

"Hakibandikiki. Kitaliwa."

"Si haramu? Si ya siku ile?"

Nkamwambia ilomeguka yenyewe ni riziki. Hiyo sheria nimeitunga mie, papo hapo. Tukakivunja kwa mchi wa kinu. Nusu yake, nusu yangu. Kwanza chumvi, inauma ulimi. Halafu karanga. Halafu, mwisho kabisa, kooni, ubani wa Dhofar. Firmin angeanguka kwa kicheko. Jibini ya mlimani kwake, inanuka kama ukumbi wa Kiomani siku ya Idi!

Masouda katafuna muda mrefu. Nangoja aseme mbaya. Namjua, hatta asali ina walakini kwake. Akameza, akanywa kahawa, akatikisa kikombe.

"Sanda tunazo mbili," kasema.

"Tunazo."

"Jibini moja."

"Moja."

"Na mie, siku yangu, watu watakula nini?"

Sikuwa na neno. Mie, Harub! Andika hapa, kwa mkono wangu mwenyewe: sikuwa na neno.

Jumatatu, 3 Februari

Khawla katupigia Josiane, kwa picha, wote tumejaa kwenye kisimu. Nyuma yake theluji. Nkamuuliza, mke wangu anataka yake, inawezekana? Kapiga makofi. Anasema iko, ndugu yake bado anapanda na ng'ombe, joto likija atamtengenezea, atachora alama yoyote anayotaka. Lakini lazima ikae. Ikiwa changa itaharibika na joto la kwenu, haivumilii.

Masouda: "Ikae miaka mingapi?"

"Kumi. Na zaidi."

Tukatazamana. Masouda akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya dokta — kacheka mpaka kajifunika leso. "Mie na kumi! Mwambie ahsante, mwambie aile yeye."

Jioni nimemkuta stoo, kavaa miwani, kaishika jibini mapajani. Kauliza, hii ina pande mbili, au sio? Upande mmoja una kofia. Upande wa pili mtupu.

"Mtupu."

Kachukua pini ya mtandio, kachora. Taratibu, kwa khati yake ile ya ualimu. Mim. Herufi moja tu, ya mwanzo wa jina lake, mkia umekaa vizuri. Kaitia chumvi mchoro ukauke.

Tukaitazama. Sasa ya watu wawili. Nkasema — ulimi wangu huu! — "Basi atakaekuwa juu ndie wa mwanzo kwenda." Tukacheka sote wawili. Tumeilaza kofia juu.

Jumatano, 5 Februari

Asubuhi nkenda kuigeuza. Mim iko juu. Nkasema, kumbe nshaigeuza, uzee huo. Nkaipangusa, nkaigeuza, kofia juu.

Adhuhuri nimepita kuchukua kitunguu. Mim juu.

Nimesimama pale na kitunguu.

Nkaigeuza.

Ijumaa, 7 Februari

Si uzee. Nimeweka punje ya mchele juu ya kofia, nkaenda msikitini. Nimerudi: punje chini, mim inanitazama.

Kahawa ya alasiri, tumekaa dirishani. Nkamwambia kwa upole, mama Khawla, mbona unaigeuza?

"Si imesemwa igeuzwe?"

"Mara moja kwa siku. Wewe na mie tunaigeuza mpaka itapata kizunguzungu."

"Na wewe mbona unaigeuza?"

Nkanywa kahawa.

Akasema huku anaangalia nje, nguo za Murshid zilizoanikwa. "Tukitoka popote, wewe unatangulia. Uko ngazini unapiga soga na watu. Mie ndie nnaebaki nyuma, nazima taa, nafunga milango, naangalia gesi. Maisha mazima." Kakitikisa kikombe. "Safari hii mie sitaki kubaki kuzima taa."

Nlitaka kumwambia kitu cha kuchekesha. Ninavyo vingi. Nkawa navipima kimoja kimoja, hakuna kilochokaa.

Nkamwambia, "Mie sijui hatta swichi ziko wapi."

"Ndo maana," kasema.

Jumamosi, 8 Februari

Hewa nzuri. Murshid kafungua duka, anagombana na bomba. Moyo unakwenda sawa, tik tik tik, kama cherahani.

Jibini haijapata kutunzwa hivi tangu Firmin. Inang'ara pande zote mbili, ujionee kidevu. Nlipomaliza chai nimeingia, nimeigeuza. Kofia juu. Nimetoka kwa ncha za vidole, nimekaa hapa na daftari, najidai sina khabari ya dunia.

Kandambili zake ukumbini.

Hazikwenda jikoni. Hazikwenda chumbani. Mlango wa stoo, ule unaolia kama mbuzi mdogo — ushalia. Kaniacha nisikie, hajali. Sasa anavuta pumzi. Anaiinua. Nzito ile, kwa mtu mwenye mgongo kama wake, na siku ile ilimuangukia.

Anapumzika. Haijageuka bado.

Ninyanyuke nkamsaidie? Nimeshaweka kalamu chini mara mbili. Maana nkenda nkashika upande wa pili, kama tulivokunja zile sanda, yeye ncha huku mie ncha kule — ntakuwa namsaidia nini?

Ananiita. "Baba Khawla!"